Shemasi Aliyeozesha Vyura

Jethro Onsongo alikuwa na miaka arobaini na sita, meno mawili ya mbele yamekwenda zake, na baba yake alikuwa na miaka ishirini na mitano, ndevu bado zinaombewa.

Usishangae. Ishmael Omwenga alizaliwa na mke wa mwisho wa mzee mmoja ambaye alikuwa ndugu wa babu yake Onsongo. Ukihesabu ukoo vizuri, na kule milimani kati ya Nyamira na Keroka huhesabiwa vizuri kuliko ng'ombe, kijana huyo alikuwa baba kamili. Hata siku zile Ishmael akiwa mtoto mchanga anayemkojolea Onsongo mgongoni, Onsongo alikuwa akisema, "Tata amenilowesha," yaani baba, na hakuna aliyecheka.

Kucheka kwenyewe kulikuwa na mipaka yake. Abagusii wana kitu wanachokiita chinsoni, nayo ni heshima iliyovaa aibu kwa ndani kama fulana. Baba na mwana hawaonani uchi. Mwana haingii chumba anacholala babaye. Na yale mambo ya mume na mke, yale yaliyotuleta sote duniani, hayatajwi baba akiwepo mwana anasikia, wala mwana akisema baba anasikia. Babu na mjukuu, hao wanaruhusiwa kutaniana mpaka waanguke. Lakini baba na mwana? Heri umeze kiazi cha moto.

Mwaka 1971 Ishmael alirudi kutoka chuo kikuu Nairobi na masanduku ya wavu yaliyojaa vyura.

Ukingo mzima wa kilima kile ulikuwa umemwombea kijana huyo. Alikuwa wa kwanza kutoka hapo kufika chuo kikuu, na sasa ilijulikana kwamba kazi yake ikitoka vizuri, atapelekwa Ulaya kusoma mpaka aitwe daktari, ijapokuwa si daktari wa sindano. Watu walipouliza kazi yenyewe ni gani wakaambiwa ni vyura, waumini walitazamana. Kisha mchungaji akakumbusha kwamba Mungu aliwatumia vyura kule Misri, na kama aliwatumia kumwaibisha Farao, anaweza kuwatumia kumpeleka Ishmael Ulaya. Amina ikapigwa. Ishmael akaomba mtu mwaminifu wa kumsaidia, na macho yote yakamwendea Onsongo. Alikuwa shemasi, alikuwa ameendesha ng'ombe joshoni miaka mingi bila hata mmoja kuzama, tena alikuwa mwanawe. Onsongo akasimama mbele ya waumini wote akasema, "Vyura wa tata nitawalinda kama mboni ya jicho langu."

Vyura hao waliwekwa katika ghala kuukuu la pareto. Wiki ya kwanza walilisugua tu, maana vumbi la pareto lilikuwa linaua kila nzi aliyeletwa kuwa chakula. Ghala lilipotakata, Onsongo akarundika ndizi mbovu pembeni, nzi wadogo wakazaliana kwa maelfu, na vyura wakala wakanenepa. Walikuwa vyura wadogo wa matete, mmoja anatosha juu ya kidole gumba, na majike walikuwa wamevaa kuliko wanawake wa Kisii mjini siku ya Krismasi. Wale wa kinamasi cha upande wa Ogembo walikuwa na mistari. Wale wa kijito cha hapo chini ya ghala walikuwa na madoa. Madume yalikuwa ya kahawia tu, kama watu waliovaa nguo za shamba. Dume la Ogembo na dume la kijitoni huwezi kuwatofautisha hata wakila kiapo.

"Zamani walikuwa ukoo mmoja," Ishmael alimweleza, akitazama paa. "Vilima vikawatenga. Kila bonde likabaki na watu wake, na polepole wakaanza kutofautiana mavazi. Nataka kujua vazi hilo linarithiwa namna gani. Labda siku moja watakuwa wametengana kiasi kwamba hawajuani tena."

"Kama sisi na Abakuria," alisema Onsongo.

"Kama hivyo. Sasa, mwanangu, jioni utaweka jike la Ogembo na dume la hapa katika karai moja. Wewe utaangalia wakisha…" Ishmael akakohoa. "Wakishasalimiana."

"Kusalimiana, tata?"

"Ndiyo. Wakisalimiana kwa muda mrefu, unaandika namba ya karai. Kesho yake utaona mayai."

"Nimeelewa kabisa," alisema Onsongo, naye akitazama paa. Paa la ghala lile halikuwahi kutazamwa hivyo tangu liezekwe.

Ubaya wa chura, kama hujamchunguza, ni kwamba hana haraka. Dume hupanda mgongoni mwa jike, humkumbatia kwapani, akakaa hapo kama abiria anayengoja gari lijae. Onsongo, baba wa watoto saba, aliyewahi kushika pembe za fahali mbele ya umati, alishindwa kuwatazama wadudu wale ikiwa tata yupo humo ndani na kalamu yake. Alikuwa akigeuka ukutani, anauliza kwa sauti kubwa habari za mvua, kisha anaangalia kwa pembe ya jicho la kushoto tu. Ijumaa jua likizama alitoka mbio, Sabato ikiwa imeingia, na vyura ndani wakaendelea na kazi bila kuijua amri hata moja.

Hata hivyo mzazi yeyote angesema ndoa zile za kwanza zilikuwa za heshima. Bibi wa Ogembo, bwana wa hapa. Hakuna udugu, hakuna lawama. Mayai yakaangua, viluwiluwi vikaota miguu, na majike yalipokua yote yakawa na madoa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mistari ya mama yake. Ishmael alifurahi akataka kumkumbatia mwanawe, akakumbuka, akampa mkono.

"Mistari imejificha, mwanangu! Itatoka kwa wajukuu. Kati ya kila majike manne, mmoja atatoka na mistari ya bibi yake. Ikitoka hivyo, mimi ninapanda ndege."

"Na hao wajukuu tunawapata wapi, tata?"

Ishmael akalipata paa haraka. "Hawa watoto wa karai moja, madume na majike, utawarudisha pamoja. Wasalimiane."

Onsongo alidhani hakusikia vizuri. "Watoto wa mama mmoja?"

"Wa mama mmoja na baba mmoja. Hiyo ndiyo kanuni."

"Tata… ni ndugu hao."

"Ni vyura, mwanangu," alisema Ishmael, na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamefika mahali ambapo baba na mwana hawafiki, alichukua mkoba wake akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Wiki hiyo akaondoka kwenda Nairobi kufundisha wanafunzi muhula mzima.

Onsongo akabaki na makarai na dhamiri.

Mgusii haoi katika ukoo wake. Hilo halikuandikwa popote kwa sababu halikuhitaji kuandikwa. Mtu anayemwendea dada yake huleta balaa ambalo hata mbuzi wa kutakasa huliogopa, na hapa hakukuwa na mtu mmoja tu, palikuwa na safu nzima ya makarai, ndani ya nyumba ya baba, chini ya ulinzi wa shemasi. Jioni ya kwanza alipowaweka pamoja, dume moja likaanza kuimba, likamwendea dadake bila hata kuzunguka kidogo kwa kujisingizia. Onsongo akahisi masikio yanapata moto. Akafunika karai kwa koti lake.

"Wewe hata hujali?" alimwambia dume yule. "Mmenyonya ziwa moja!"

Hawakuwa wamenyonya ziwa lolote, lakini mtu mwenye aibu hachagui maneno.

Alichofanya baadaye alikifanya kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Akashuka kijitoni na tochi na kikapu, akakamata madume ya matete, vijana wa watu, wasiohusiana na mtu yeyote ghalani. Akawatoa kaka wote wa majike yale, akawabeba mpaka kwenye matete, akawaachilia kwa maonyo. Akaingiza wachumba wapya. Kahawia kwa kahawia, nani angejua? Karai baada ya karai, nyumba baada ya nyumba, alisafisha ukoo mzima wa vyura kama mzee anayepatanisha kijiji, akalala usingizi mzuri. Hakumwambia tata. Angemwambiaje? Kusema "niliwatenganisha" ni lazima kwanza useme walikuwa wanataka kufanya nini.

Ishmael aliporudi, wajukuu wa kwanza walikuwa wanaanza kuvaa rangi. Akaketi mbele ya makarai asubuhi moja. Madoa. Asubuhi ya pili. Madoa. Mwezi ukaisha, majike mia na zaidi yamevaa, na mstari hata wa kusingizia haukuonekana. Kijana akaacha kula. Mama yake, Orpah, alikuwa analeta uji wa wimbi ghalani na kuurudisha.

"Haiwezekani," Ishmael alikuwa akisema peke yake. "Kitu kinajificha, lakini hakiondoki. Kimekwenda wapi?"

Onsongo, akimenya ndizi mbovu pembeni, akaacha ganda katikati. Kwa mara ya kwanza akaunganisha mambo: mistari ilitaka itoke pande mbili, na upande mmoja ulikuwa kwa wale kaka. Kila mmoja wao alikuwa na kipande chake mfukoni chini ya zile nguo za shamba, na yeye, Onsongo, alikuwa amewabeba kwa kikapu akawamwaga mtoni. Alikuwa ametupa ndege ya tata.

Telegramu ikaja kutoka Nairobi. Daktari Holm, mama wa Kizungu aliyekuwa mwalimu wake Ishmael, alikuwa anakuja kuona mwenyewe.

Onsongo akamkimbilia Orpah. Yeye alikuwa mke wa babu, kwa hiyo nyanya yake, na kwa nyanya mdomo unafunguka.

"Magokoro, nimeharibu."

"Umempa nani mimba?"

"Ni vyura, magokoro." Akamweleza yote, tena kwa majina yake halisi, mikono ikisaidia. Orpah alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, akashika nguzo ya nyumba.

"Kwa hiyo ulimnyima kijana wa watu dadake ukamletea shemeji! Wewe ndiye mzee wa ukoo wa vyura, eti!"

"Mwambie tata, magokoro. Mwambie wewe."

Kicheko kikakatika. "Mimi? Nimwambie mwanangu wa kumzaa habari za kupandana? Una kichaa, Jethro?"

"Nani basi?"

Wakakaa wakahesabu. Kemuma, mkewe Onsongo, alikuwa mkaza mwana wa Ishmael. Hata kumpa mkono haruhusiwi. Binti yake Onsongo, Persis, mwanamke mzima aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka shule, huyo alikuwa mjukuu wa Ishmael na walitaniana kutwa. Lakini ili Persis amwambie babu yake, ni lazima kwanza Onsongo amwambie Persis, na Onsongo ni baba yake. Kila mlango waliougusa ulikuwa umefungwa kwa ndani. Orpah akamkaangia yai, akamwambia aombe.

Daktari Holm alifika na gari lililojaa matope hadi kwenye vioo. Alikuwa mama mrefu mwenye miguu ya mchezaji mpira, na Kiswahili alijifunza Tanga, akakisema kama mtu anayesoma Korani. Alipita karai moja baada ya jingine bila neno. Ishmael alimfuata nyuma, mikono mgongoni. Onsongo alisimama mlangoni na kofia yake kifuani, kama mtu aliye kwenye maziko.

"Bwana Omwenga," alisema mama yule hatimaye, "ama umegundua jambo ambalo halijawahi kuonekana duniani, ama umefanya uzembe, ama umeniandikia uongo. La kwanza siliamini. Hayo mengine mawili yana jawabu moja: nafasi ya Ulaya nitampa mwingine."

 Ishmael aliinama akalinyoosha karai ambalo lilikuwa limenyooka tayari, na Onsongo akamwona tena yule mtoto mchanga aliyekuwa akimbeba mgongoni.

"Tata," alisema Onsongo, "tafadhali nenda uangalie gari la mgeni. Watoto wanachezea magurudumu."

"Hakuna watoto huko."

"Watakuja, tata. Nenda."

Ishmael akatoka. Onsongo akamgeukia mgeni. Kigusii kingemnyonga pale pale, lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya josho na ya polisi. Hakikuwa na baba wala mama.

"Mama daktari, hii makosa ni yangu. Hawa wanaume wote si wa hapa."

"Si wa wapi?"

"Si kaka. Kaka nilitupa mto. Hawa nilioa… nilioza… nilileta kutoka nje, waoe vizuri."

Daktari Holm akavua miwani. "Kwa nini?"

"Mama, wanataka kulala na dada yao!"

"Makarai mangapi ulibadilisha?"

"Yote. Hakuna nyumba hata moja nimeacha na aibu."

Alidhani atacheka. Mzungu hakucheka, aliuliza tu, kavu kavu, nani alimpanda nani, kwa muda gani, katika karai lipi, na Onsongo akajibu yote, kupanda kwa kupanda, jasho likimtiririka puani, kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatamka hata kwa Kemuma taa ikiwa imezimwa. Alipomaliza, akajipangusa pua kwa kofia. Na hapo, upande wa pili wa bati, hatua moja tu kutoka pale alipokuwa amesimama, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha tata.

Onsongo akatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ardhi ya Nyamira ni ngumu kwa mambo kama hayo. Ishmael akaingia akitazama paa.

"Kosa ni langu, Daktari," alisema. "Sikumweleza wazi. Nilimwambia wasalimiane. Sikumwambia kwa nini ni lazima wawe ndugu."

"Mwaka mzima? Kwa nini hukumwambia wazi?"

"Siwezi. Ni mwanangu."

Mama wa Tanga akatazama mvi za Onsongo. Akatazama kidevu cha Ishmael chenye ndevu za kuhesabika. Akavaa miwani tena, kana kwamba tatizo lilikuwa la miwani.

Nafasi ya mwaka ule alipewa kijana mwingine. Ishmael alipewa msimu mmoja wa mvua kurudia kazi, na sharti moja: mtunzaji awe mtu ambaye wanaweza kusemezana. Kijijini aliwaambia watu kwamba vyura waliugua. Sabato iliyofuata mchungaji akamwita shemasi Onsongo mbele, akamshukuru kwa jinsi alivyowauguza viumbe wale wa Bwana, na kanisa zima likaitikia, na Ishmael, kwenye benchi la tatu, akaitikia kuliko wote. Onsongo alisimama pale akipokea shukrani kama mtu anayepigwa mawe. Kijana wa miaka ishirini na sita alikuwa amejifunua mwenyewe ili amfunike yeye. Angepigwa kiboko mbele ya watu angejisikia nafuu.

Kazi akapewa Persis.

Hapo aibu ikapata makao. Onsongo alikuwa akipalilia pareto shambani, na kutoka ghalani anasikia kicheko cha binti yake.

"Sokoro, njoo uone! Huyu wa karai la mwisho amempanda dadake kichwa chini miguu juu, kama wewe ulivyovaa tai siku ile!"

"Andika, mjukuu, andika. Mwache ajifunze."

"Atajifunza kwa nani? Wewe mwenyewe hujaoa!"

Mambo yale yale ambayo yalikuwa yamemchoma yeye masikio, wawili hao waliyala kama karanga. Tena Persis sasa alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini mtu akishapewa makarai yale akaambiwa kwa ukali "wasibadilishwe madume," anajua ni nani aliyewabadilisha na kwa nini. Jioni alimmiminia babake maji ya kunawa bila kuinua macho, na babake akaendelea kunawa hata mikono ilipokwisha kutakata.

Kulikuwa na jambo moja tu Onsongo alilotaka kulijua duniani: je, mistari imerudi? Hakuweza kumuuliza Persis, kwa sababu kuuliza habari za watoto ni kuuliza walivyopatikana. Hakuweza kumuuliza tata. Alikuwa akimtuma Kemuma amuulize binti, na Kemuma anamjibu, "Kama una kiu, kanywe kisimani mwenyewe." Kwa hiyo siku Persis alipotoka ghalani akikimbia, pindo la sketi mkononi, akipiga vigelegele kuelekea kwa Orpah, Onsongo aliinama zaidi kwenye pareto akang'oa hata ile isiyo magugu. Ukingo mzima ukajua kabla yake. Jioni Ishmael akapita njiani, akasimama upande wa pili wa ua, akatazama vilima vya Keroka.

"Mwanangu, imetoka. Moja kwa nne, karibu kabisa."

"Mungu asifiwe, tata," alisema Onsongo, naye akitazama vilima vile vile.

"Basi."

"Basi, tata."

Siku ya safari, mwaka 1973, watu walimsindikiza Ishmael hadi barabara kuu na nyimbo. Sanduku lake la bati lilikuwa zito, limejaa vitabu, na vijana wakagombania kulibeba. Onsongo akawasukuma wote akalitwika kichwani mwenyewe. Kwenye barabara mchungaji akaomba, Orpah akalia na kucheka kwa pamoja, Persis akamtania babu yake juu ya wanawake wa Kizungu mpaka wazee wakajifanya viziwi. Kisha mchungaji akasema, "Sasa shemasi wetu, aliyesimama na kazi hii tangu mwanzo, atupe neno."

Watu wakageuka. Chini ya sanduku, uso wa Onsongo haukuonekana vizuri.

"Nimebeba mzigo," alisema.

"Si uushushe kidogo, shemasi?"

"Umekaa vizuri hapa."

"Gari bado, Jethro. Shusha useme hata maneno mawili."

"Nimesema umekaa vizuri."

 Ishmael akasogea, akasimama kando ya mwanawe, bega kwa bega, wote wakiangalia kule gari litakakotokea, na lilichelewa sana.